Vifungo Vyeupe

Miguu yangu imekimbia miaka ishirini na sita
chini ya meza, juu ya pedali ya cherehani,
na haijafika hata Nyawera.
Mbio za sakafuni, unajua zinakoishia.

Mimi Zihindula, fundi wa Nyamugo,
ninayejua kiuno cha kila mwanamume wa mtaa huu
(Mzee Birindwa ameongeza vidole vinne tangu Pasaka),
changu sikuwahi kukipima.
Kilichopimwa ni mkono, siku moja, kwenye sentre ya afya:
mkanda ukavimba, ukabana kama kola iliyokatwa vibaya,
mwuguzi akasoma namba, akasoma tena,
akaniuliza kama nimepanda mlima mbio.
Nilikuwa nimekaa saa nzima kwenye benchi.

Akanipa vidonge. Vidogo, vyeupe, vya mviringo.
Na tangu usiku ule (hapana, niseme kweli,
miezi mingi kabla ya usiku ule)
nilikuwa mgeni kitandani mwangu.
Nsimire akinigusa bega
najifanya nahesabu madeni ya wateja.
Binamu yangu Mushamuka, mwenye neno kwa kila jambo,
akaniambia kilioni, mdomo ukinuka kasiksi:
"Dawa za presha ndizo zinazomaliza wanaume."
Basi nikapata wa kumlaumu.
Nikavimwaga vidonge ndani ya kopo la vifungo,
vyeupe kati ya vyeupe,
nani angejua?

Aliyejua ni mshona vifungo.
Nsimire alikuwa akimalizia shati la mwanafunzi,
sindano ikatafuta tundu, haikulipata.
Akakiinua kile kitu kwenye mwanga wa dirisha.
Hakupiga kelele.
"Hiki hakina matundu, Baba Asifiwe."
Akavipanga mezani, kimoja kimoja, kumi na tisa.
"Na mimi nilidhani una mwingine."

Mwingine! Mimi,
nisiyeweza kupanda Cimpunda
bila kusimama mara tatu nikijifanya natazama ziwa.

Tukarudi wote wawili. Mwuguzi Bagalwa,
kijana niliyemshonea suruali yake ya kwanza ya shule,
alifunga mlango, akanitazama kama baba yangu:
"Mficha uchi hazai, fundi.
Damu ni moja nyumba nzima.
Mshipa unaokakamaa kichwani
unakakamaa na huko unakoona haya kukutaja.
Dawa ikikusumbua, zipo nyingine, tutabadilisha,
lakini usijipunguzie mwenyewe kwa mkasi wako.
Na utembee."
"Kwenda wapi?"
"Kokote. Mpaka shati lilowe."

Saa kumi na moja alfajiri, matope ya Kadutu.
Napanda, wanawake wa makala wanashuka,
kamba kwenye paji la uso, magunia yakiwazidi urefu.
Mmoja ananiuliza: "Papa, nani anakukimbiza?"
Naona haya kumjibu: afya.
Yeye hajawahi kutafuta mlima, mlima humfuata.

Wiki ya kwanza, hadi kona ya kinyozi.
Wiki ya tatu, mvua, nikalala, nikajisamehe.
Wiki ya sita, nikazunguka uwanja wa Funu
na moyo ukapiga sawasawa,
kama mashine iliyotiwa mafuta, uzi haukatiki.
Nsimire akapunguza chumvi kwenye sambaza.
Nilinung'unika. Bado nanung'unika.

Kuhusu mengine, sitasema mengi;
shairi halina pazia.
Kulikuwa na mvua juu ya mabati,
alinigusa bega,
na sikuhesabu deni la mtu yeyote.
Si kila usiku. Usiku mwingine
tunacheka tu, tunalala.
Kucheka nako tulikuwa tumekusahau.

Namba za Bagalwa zimeshuka kidogo, hazijafika anapotaka.
Kopo la vifungo lina vifungo.
Na Nyawera nilifika, Jumamosi iliyopita,
nikanunua uzi mweusi
nikarudi kwa miguu, mlima wote,
nikasimama mara moja tu.
Mara hiyo nililitazama ziwa kweli.